Siku za Kupona Nazo Zilipiwe

Mwezi Novemba mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na wengi wetu tulishangilia, tena kwa haki kabisa. Tangu siku hiyo mazungumzo ya bima yamekuwa mazungumzo ya fedha: kaya italipa kiasi gani, mfanyakazi atakatwa ngapi, na yule asiye na kitu atalipiwa na nani. Hayo ni mazungumzo ya lazima. Lakini liko swali jingine ambalo twaona halijapewa nafasi yake, nalo ni hili: bima yamlipia mgonjwa mpaka wapi? Je, yamlipia mpaka kisu cha daktari kimalize kazi yake, au mpaka mgonjwa mwenyewe amepona?

Twaliuliza swali hili kwa ajili ya mwanamke aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani, au kansa kama wengi wetu tuiitavyo. Wako wagonjwa wengi wa kuwasemea, na mwenye kuvunjika mguu naye atasema mbona hatukumtaja. Tumemchagua mama huyu kwa sababu ugonjwa wake wazidi kuenea, na kwa sababu ni mgonjwa asemaye kidogo. Mtu akivunjika mguu kijiji kizima hujua na majirani humbebea kuni. Mwanamke aliyekatwa titi hujifunga kanga juu ya kidonda, akanyamaza.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 ulimwenguni waligunduliwa kuwa na saratani ya titi, na wengine 670,000 walikufa kwayo. Hapa Tanzania ndiyo saratani ya pili kwa kuwashika wanawake wengi, ikitanguliwa na ile ya shingo ya kizazi. Tathmini ya huduma za ugonjwa huu iliyotolewa nchini mwaka 2017 ilionyesha kwamba kadiri ya wanawake wanane katika kumi hufika hospitali ugonjwa umekwisha kuingia hatua ya tatu au ya nne. Maana yake ni kwamba mkoani Kagera, kama kwingineko, mama aendaye kwa daktari bingwa haendi na kijivimbe cha kutafutwa kwa ncha ya kidole. Aenda na donge kubwa, na pengine ngozi imekwisha kuchubuka.

Katika miji yenye mashine za mionzi za kutosha mambo ni tofauti. Dakta Bernard Fisher wa Marekani na wenzake walitoa mwaka 1985 matokeo ya uchunguzi wao, wakaonyesha kwamba mwanamke mwenye uvimbe usio mkubwa aweza kukatwa uvimbe peke yake na titi likabaki, mradi apate mionzi baada ya hapo, naye ataishi sawa na yule aliyekatwa titi zima. Habari hiyo ni njema. Lakini humfaa yule awezaye kufika kwenye mionzi siku tano kila juma kwa majuma kadhaa. Mama wa Kyerwa ambaye mashine iliyo karibu naye iko Mwanza, ng'ambo ya ziwa, aghalabu hushauriwa akatwe titi lote pamoja na tezi za kwapani. Basi kwetu sisi upasuaji mkubwa ndio wa kawaida, na kwa hiyo siku za kupona kwetu zina uzito kuliko kwa wenzetu.

Tumfikirie mama mmoja wa Nkwenda. Hatumtaji jina kwa kuwa hatumsemi mtu fulani; twasema habari ya wengi. Ana umri wa miaka 46, ana shamba la migomba na kahawa, na ana kadi ya CHF iliyoboreshwa ambayo kaya yake ya watu sita huilipia shilingi 30,000 kwa mwaka. Amepewa barua ya rufaa. Hapo lamkuta jambo la kwanza: kadi ile, kama ilivyopangwa mwaka 2018, humfikisha mwenye nayo kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Bukoba. Bugando ni hospitali ya kanda. Kadi yaishia Bukoba, ugonjwa waendelea mpaka Mwanza. Ndugu zake wauza mbuzi, wauza kahawa ikiwa bado mtini, wakopa, na mama afika.

Hatuna neno baya juu ya kazi ya Bugando. Ni hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ina vitanda zaidi ya 900, nayo huhudumia mikoa yote ya Kanda ya Ziwa. Kabla haijapata mashine zake za mionzi, mgonjwa wa Karagwe hakuwa na pengine pa kwenda ila Ocean Road, Dar es Salaam, katika majengo yaliyojengwa na Wajerumani. Mtu aliyesafiri kutoka Murongo mpaka Dar es Salaam akiwa na kidonda kifuani ajua tumepiga hatua gani. Wala hatusahau daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025, ambalo limemwondolea mgonjwa saa za kungojea pantoni juani. Hayo yote ni mema. Shida yetu yaanzia pale upasuaji uishapo.

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa akiisha kuzinduka kutoka usingizi wa dawa, kazi imekwisha na kilichobaki ni kungoja ngozi ifunge. La! Chini ya ngozi ile daktari huacha mpira mwembamba, mmoja au miwili, utokao nje na kuingia katika chupa ndogo. Mahali palipotolewa titi na tezi hubaki uwazi, na mwili huumwagia maji. Mpira huo huyatoa. Kila siku mwuguzi huyapima na kuandika: leo mangapi, kesho mangapi. Yanapopungua mpaka kiasi cha mililita 30 kwa siku nzima ndipo mpira huondolewa. Kwa wengine ni baada ya siku chache, kwa wengine juma moja, kwa wengine majuma mawili. Ukitolewa mapema, maji hujikusanya chini ya ngozi na kuwa uvimbe wa kuvutwa kwa sindano. Ukiachwa bila usafi, huwa mlango wa vijidudu.

Kisha kuna mkono. Tezi za kwapani ndizo ziondoazo maji ya mkono, nazo zikitolewa mkono waweza kuvimba, siku hiyo au baada ya miaka, na ukiisha kuvimba ni vigumu kuurudisha ulivyokuwa. Bega nalo hukaza. Mgonjwa apaswa kufundishwa tangu siku za mwanzo kuusogeza mkono taratibu: kufunga na kufungua kiganja, kukunja kiwiko, kisha kidogo kidogo kupandisha vidole ukutani. Asiinue kitu kizito kwa mkono ule majuma kadhaa. Aepuke kukatwa, kuungua na kuchomwa na miiba, kwa kuwa jeraha dogo katika mkono ule huweza kuleta uvimbe mkubwa.

Hebu sasa mweke mama huyo nyumbani Nkwenda siku ya tatu baada ya kukatwa. Maji yako kisimani, na dumu la lita 20 hubebwa kichwani kwa mikono miwili. Kuni ziko shambani. Mkungu wa ndizi haukatwi kwa mkono mmoja. Mtoto mdogo alia abebwe. Mume, hata awe mwema namna gani, hajui kupima maji ya chupa, wala hakuna aliyemfundisha. Zahanati iko karibu, lakini mhudumu wake pengine hajapata kuuona mpira wa namna hiyo, naye kwa haki kabisa aogopa kuugusa. Kidonda kikianza kutoa usaha, safari yaanza upya: pikipiki mpaka Omurushaka, basi, kutwa nzima barabarani, na fedha ambazo hazipo.

Hilo latuleta kwenye hasara kubwa kuliko maumivu. Upasuaji wa saratani ya titi, kwa wengi, si mwisho wa matibabu. Hufuatwa na dawa zile zitiwazo mishipani, na mara nyingi na mionzi. Dawa hizo hazitiwi mtu mwenye kidonda kibichi chenye usaha. Wataalamu wametuonyesha kwamba dawa zikicheleweshwa kupita miezi mitatu tangu upasuaji, matumaini ya mgonjwa kuishi hupungua. Basi siku saba za kitanda zilizookolewa mwanzoni zaweza kumpotezea mama miezi miwili ya matibabu, na miezi hiyo ikampotezea maisha. Mhasibu aliyezikata siku zile ameandika faida katika kitabu chake, na katika kitabu hicho hakuna safu ya kuandikia mauti ya mwaka wa tatu.

Huenda msomaji atasema kwamba haya ni matatizo ya umaskini tu, na kwamba nchi tajiri hazina habari nayo. Sivyo. Vita hii ya siku za kupona ilipiganwa kwanza katika nchi tajiri kuliko zote. Katika miaka ya 1990 makampuni ya bima ya Marekani yalianza kukataa kulipia kitanda cha usiku kwa wanawake waliokatwa titi. Mwanamke alikatwa asubuhi, na jioni alirudishwa nyumbani na mipira yake ikining'inia. Watu wakaupa mtindo huo jina la kubeza, wakaufananisha na kununua chakula dirishani bila kushuka garini. Daktari mmoja mpasuaji wa jimbo la Connecticut, Kristen Zarfos, alikasirika akapaza sauti, na mbunge wa jimbo hilo, Bibi Rosa DeLauro, akapeleka muswada bungeni wa kudai angalau saa 48 za hospitali kwa aliyekatwa titi, na saa 24 kwa aliyetolewa tezi za kwapani. Februari 1997 Rais Bill Clinton aliligusa jambo hilo katika hotuba yake ya mwaka mbele ya mabunge yote mawili, huku Dakta Zarfos akiwa ameketi ukumbini kama mgeni wake.

Na mwisho wake ulikuwaje? Mwaka 1998 walipitisha sheria iliyozilazimisha bima zilipiazo ukataji wa titi zilipie pia kulitengeneza upya, titi la bandia, na matibabu ya mkono uliovimba. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini ule muswada wa saa 48 ulirudi bungeni mara kwa mara. Septemba 2008 Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 421 dhidi ya 2, na Baraza la Seneti halikuupitisha. Baadhi ya majimbo yalijitungia sheria zake yenyewe. Kura 421 kwa 2! Twaandika hesabu hiyo makusudi, ili mwanachama aone kwamba jambo laweza kukubaliwa na karibu watu wote na bado likafa, ikiwa hakuna anayelisukuma katika mlango wa mwisho.

Haki yatutaka tuseme pia upande wa pili. Wako madaktari wazuri, Uingereza na kwingineko, wasemao kwamba mwanamke mwenye afya njema aweza kurudi nyumbani siku ile ile au siku ya pili bila madhara, na kwamba wengine hulala vizuri zaidi kitandani pao kuliko wodini. Twakubali. Lakini nyumba waisemayo ina maji bombani, ina simu ya mwuguzi wa matiti anayejulikana kwa jina, na ina mwuguzi ajaye mlangoni kuutazama mpira. Nyumba hiyo kwa hakika ni wodi iliyohamishwa. Kuchukua desturi ya nyumba ile na kuipeleka Nkwenda bila yule mwuguzi ni kuiga nusu ya jambo, ile nusu iliyo rahisi kwa mfuko.

Kwa hiyo sisi hatuombi idadi moja ya siku kwa kila mtu. Twaomba kwamba daktari aliyemkata mgonjwa ndiye aseme siku ya kuondoka, na bima ilipie kadiri alivyosema. Saa 48 ziandikwe katika kitita kama kiwango cha chini kabisa ambacho hakuna karani awezaye kukipunguza. Twaongeza neno hapo, kwa kuwa twawajua makarani: kiwango cha chini kisigeuzwe kuwa ukomo. Isije ikafika saa ya 49 mtu akaja na daftari kitandani.

Kuna mwenye kuuliza, na ni swali la haki: vitanda viko wapi? Hospitali ya kanda imejaa. Kila mama akaaye majuma mawili akingoja mpira utolewe, mwingine angojea nje na donge lake. Jibu letu ni kwamba kupona si lazima kuwe Mwanza. Karagwe ina hospitali ya Nyakahanga, na Kyerwa ina hospitali ya Isingiro. Zote mbili zimewalea watu wa huku tangu enzi za wamisionari, na uuguzi wake ni uuguzi kweli. Mama apumzike Bugando siku zile za hatari, kisha apelekwe kwa barua katika hospitali iliyo karibu na kwake, akae huko mpaka mpira utoke na bega lianze kufunguka. Kitanda cha wilaya ni rahisi kuliko cha kanda, na mkwewe aweza kumletea ndizi za kupikwa. Linalotakiwa ni mambo mawili tu. Wauguzi wawili watatu wa kila hospitali ya wilaya wakafundishwe kazi hiyo Bugando. Na bima imfuate mgonjwa katika safari ya kurudi kama ilivyopasa kumfuata katika safari ya kwenda. Kwa sasa rufaa yetu ni ngazi ya kupandia. Hakuna aliyeiandikia namna ya kushukia.

Na kwa wale ambao lazima wabaki mjini kwa mionzi, majuma matatu au zaidi, yafaa bima ilipie malazi. Mgonjwa wa mionzi hahitaji kitanda cha wodi. Ahitaji chumba safi karibu na hospitali, chakula, na mtu wa kumwangalia. Chama cha Saratani cha Marekani kilifungua nyumba ya namna hiyo ya kwanza mwaka 1970 katika mji wa Charleston, na baadaye zikawa nyingi. Waliosoma shule za misheni kama sisi watakumbuka yule Msamaria. Watu husifu mafuta na divai aliyomtilia majeruhi, lakini wachache hukumbuka kwamba alimpeleka nyumba ya wageni, akamlipa mwenye nyumba dinari mbili, akaahidi kulipa na zaidi atakaporudi. Mafuta yalikuwa matibabu. Dinari mbili zilikuwa siku za kupona, na ile ahadi ya kuongeza ndiyo tuiombayo hapa.

Yatupasa sasa tuseme na wafanyakazi, kwa kuwa jambo hili lawagusa kwa namna yao. Mfanyakazi mwenye kadi ya NHIF hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mgonjwa siku 126 za ruhusa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 za pili kwa nusu. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekatwa titi aweza basi kukaa nyumbani miezi miwili na mshahara wake ukaingia. Hiyo ni haki iliyopatikana kwa jasho la vyama vya wafanyakazi, na hatuna haja ya kuionea haya. Lakini mwalimu huyo ana jirani mkulima, umri ule ule, ugonjwa ule ule, kisu kile kile. Jirani hana mwajiri wa kumwongezea asilimia 3, hana siku 63 wala nusu yake. Akilala, shamba lalala. Mwenye siku za kupona zilizoandikwa katika sheria amsemee jirani asiye nazo.

Twajua hoja ya mfuko kufilisika, maana haikosi kuletwa. Hakuna mfuko usio na mwisho. Lakini tupime kwa haki. Kipi chagharimu katika saratani ya titi? Ni dawa za mishipani, ni mionzi, ni upasuaji wenyewe. Kitanda na chakula cha siku chache katika hospitali ya wilaya ni sehemu ndogo kabisa ya hesabu hiyo, nacho ndicho kilindacho fedha zote zilizotangulia. Mkulima aliyelima, akapanda na kupalilia, kisha akabana matumizi kwa kutonunua gunia la kuwekea mavuno, hatumwiti mwangalifu.

Lipo pia jambo ambalo halimo katika hesabu za mfuko wowote. Tumesema wanane katika kumi hufika wamechelewa. Kwa nini huchelewa? Umbali, ndiyo; fedha, ndiyo; waganga wa mizizi, na woga wa kuachwa na mume. Lakini kuna sababu nyingine. Katika kila kitongoji yupo mwanamke mmoja aliyekwenda akarudi, na wengine wote humtazama yeye. Akirudi na kidonda kinachonuka, mkono umevimba, akafa kabla ya mwaka, basi kijiji chajifunza kwamba hospitali huua, na mama mwenye kijivimbe hukificha mpaka kiwe donge. Akirudi amepona, akateka maji, akacheza ngoma harusini, yeye mmoja ashinda mabango yote ya Wizara. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 lazihimiza nchi zote zihakikishe kwamba angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua mbili za mwanzo, uchunguzi ukamilike katika siku 60, na asilimia 80 wamalize matibabu yao. Sisi twasema lile la mwisho ndilo litakaloleta la kwanza. Wanawake watakuja mapema wakiwaona waliomaliza.

Jirani zetu nao hawajalala. Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, ambako taa zake huonekana usiku kutoka vilima vya Kyerwa, ina bima ya jamii iliyowaingiza zaidi ya watu wanane katika kumi, na mwaka 2012 ilifungua kituo cha saratani Butaro, kijijini kabisa, si mji mkuu. Kenya ilianza Oktoba 2024 mfuko wake mpya wa afya ya jamii, ikatenga fungu maalumu la saratani kwa kila kaya. Nao wamekuwa na malalamiko yao kwamba fungu lamalizika kabla ya matibabu. Yafaa tuyasikilize malalamiko hayo kabla ya kuandika ya kwetu. Kiwango cha fedha kikiwekwa bila kutenga siku za kupona, siku hizo ndizo za kwanza kuliwa na dawa.

Neno moja juu ya titi la bandia. Wapo watakaocheka na kusema hilo ni pambo. Mwanamke aliyebaki na titi moja huelemewa upande, huona haya kwenda kanisani, msikitini na mkutanoni, na wengine huacha kabisa kutoka. La kitambaa lililoshonwa vizuri na kujazwa laweza kutengenezwa na fundi yeyote wa cherehani wa Omurushaka akionyeshwa kipimo, na halitakuwa ghali. Kama Wamarekani waliliandika katika sheria mwaka 1998, haitatushinda kuliandika katika kitita.

Basi nani afanye nini? Wabunge wa Karagwe na Kyerwa watakuwa Dodoma wakati wa kikao cha bajeti, kati ya Aprili na Juni. Wizara ya Afya itakaposimama, twawaomba wamwulize Waziri maswali matatu yaliyo wazi. Je, siku za kitanda baada ya kukatwa titi zaamuliwa na daktari au na mfuko? Je, mgonjwa akishushwa kutoka hospitali ya kanda kuja ya wilaya ili apone, bima yake yamfuata? Je, mwenye kadi ya kaya maskini kabisa naye atafika Bugando kwa kadi hiyo, au ataachwa Bukoba? Wasikubali jibu la kwamba jambo linafanyiwa kazi. Waombe ukurasa wa kitita ambamo limeandikwa.

Wanachama katika matawi nao wana kazi yao. Mkulima wa kahawa hana fedha mwezi Februari. Anazo wakati wa mavuno, yanayoanza kadiri ya Mei. Tangu mwaka 2018 kahawa ya mkoa huu hukusanywa na kuuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na malipo hupitia humo humo. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kukatia mchango wa bima kwa hiari ya mwenye kahawa mwenyewe, mara moja kwa mwaka, kabla fedha haijafika mnadani. Lakini mkulima atauliza, kama tulivyouliza mwanzoni, kwamba akilipa atalipiwa mpaka wapi, na viongozi wa ushirika hawataweza kumjibu mpaka Wizara iwe imewajibu wao. Mikutano ya vyama vya msingi hufanyika kabla ya msimu kufunguliwa. Makatibu waliandike jambo hili katika ajenda, wamwalike mganga mkuu wa wilaya aje na kitita mkononi, na akina mama waitwe wakae mbele.